Shemeji Alipaka Katani Yangu Rangi ya Viatu

Ndiyo, nina bibi, na hapo ndipo shida iko. Jina yangu mfiche, lakini mjue mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, naishi Ruiru, shule niliacha standadi tatu kwa sababu mwalimu na mimi tulichokana. Kazi yangu ni viondo, vile vikapu vya katani. Bibi anasuka, mimi napanga mistari na kupika rangi: nachemsha katani na maganda ya mti wa muthanduku, halafu naizika kwa matope ya mto mpaka inakuwa nyeusi kabisa. Hiyo rangi haitoki hata ukiililia.

Juzi serikali ilininyima pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, ya kwenda Thika. Ndugu ya bibi yangu, ambaye tunakaa naye, anayo, nikamtuma alete katani na maganda. Maganda hakuleta. Katani ilikuja imeshakuwa nyeusi, ati amenipunguzia kazi. Nilisikia harufu ya rangi ya viatu nikadhani ni miguu yake, maana huyo jamaa anatafuta mchumba, viatu anang'arisha kila asubuhi. Bibi akasuka kiondo na mshipi wake, tukampa mama wa mzee wa kanisa.

Jumapili ya mavuno jua ilikuwa kali. Huyo mama akaja na viazi kwa hicho kiondo mgongoni, mshipi umekaza kwa paji la uso vile mama zetu hubeba. Jasho ikaanza. Weusi ukateremka kwa macho, kwa pua, ukaingia mdomoni akiimba. Akatema mate nyeusi mbele ya watu wote. Mimi ni mtu wa kula chochote, lakini siku hiyo hata chai ilinishinda.

Akajipangusa, akaniambia polepole, "Baba Njeri, kwani mimi ni kiatu yako?"

Shemeji nikimuuliza anacheka. "Si inang'aa? Wewe na matope yako mnanuka kama kiboko."

Nikimwona naona yale mate. Kwa kinyaa nakula nje peke yangu. Wamama sasa wanapita kwangu wameshika pua, viondo vimelala. Nilisema nitamfukuza. Bibi akanijibu bila kuinua macho, "Fukuza. Na utafute mwingine wa kukusukia." Na mkono kama wake hakuna kutoka hapa mpaka Thika.

Ndugu wasomaji, nifanyeje? Tupatane hivi: atakayenionyesha njia ya kumtoa shemeji na kubaki na bibi, nitampa kiondo, mistari achague mwenyewe. Kikifika akilambe kwanza. Ulimi ukiwa mweusi, aje anichape mbele ya kanisa. Ukibaki mwekundu, amchukue shemeji akakae naye.