Farasi wa Ukurasa wa Themanini na Nane

Kwenye dirisha la dawa la hospitali, mfamasia mmoja aliitwa na wenzake Toleo. Jina hilo lilimshika tangu siku alipomnyima muuguzi mmoja kitabu cha kusoma mchana, kwa maelezo kwamba kilikuwa toleo la kwanza, tena kina sahihi ya mwandishi.

"Kwani maneno ya humo ni mengine?" muuguzi aliuliza.

Mfamasia akarudi kwenye vidonge vyake. Angekuwa mwepesi wa ulimi, angemjibu kwamba ndiyo, wakati mwingine ni mengine.

Nyumbani alikuwa na riwaya thelathini na moja, zote za mambo ya kale: vita vya wafalme, misafara, miji iliyozingirwa hadi watu wakatafuna ngozi za viatu. Zilikaa katika kabati la vioo, na kila rafu aliitilia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyobaki ndani ya chupa za vidonge. Aliyoipenda kuliko zote ilihusu jemadari mmoja na farasi wake. Ukurasa wa themanini na nane farasi anachomwa mkuki, anakufa, jemadari analia. Ukurasa wa tisini na moja jemadari yuleyule anavuka mto juu ya farasi yuleyule. Chapa ya pili ilirekebisha mambo, akapewa nyumbu. Kwa hiyo wakusanyaji wa vitabu hawakuwa na haja ya kuangalia kingine: farasi akifufuka, basi una toleo la kwanza mkononi.

Nakala yake ilitiwa sahihi mwaka mmoja kabla mwandishi hajafariki. Alipanga foleni saa mbili nzima, na alipoulizwa jina lake, sauti ikagoma kutoka. Mzee alimtazama, akatabasamu, akaandika: "Kwa msomaji aliyenyamaza."

Alikuwa pia na nakala ya kuazimisha watu, ile ya nyumbu. Zote mbili alizivika karatasi ya kaki isiyo na maandishi, akijiona mjanja, ili wageni wasitamani. Jumapili moja shangazi yake alipita kuomba kitu cha kusoma, akampa kimoja. Jumamosi iliyofuata, akifuta vumbi kabatini, alifungua kilichobaki. Jemadari alikuwa juu ya nyumbu.

Basi ile yenye sahihi ilikuwa kwa shangazi. Afadhali angekuwa mtu mwingine yeyote. Shangazi alikuwa mwalimu mstaafu, na alisahihisha kila kilichopita mbele ya macho yake: magazeti, kadi za mialiko, hata karatasi za maelezo ya dawa. Kwanza alipita na penseli. Akishakuwa na hakika, alirudi na kalamu nyekundu. Farasi aliyefufuka asingesalimika kwake.

Alimkuta sebuleni, kalamu nyekundu iko mezani, kitabu kimefungwa pembeni yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa? Kaa."

"Nimefuata... kile kitabu."

Uso wa shangazi ulisinyaa. "Kichukue tu. Mimi kimenishinda."

Mfamasia alikifungua. Ukurasa wa sahihi ulikuwa safi. Kurasa zilizofuata zilikuwa na alama za penseli, hafifu, za kufutika. Themanini na saba, alama moja. Themanini na nane, hakuna kitu. Tisini na moja, hakuna kitu.

"Uliishia hapa?"

"Leo siku ya nne." Shangazi alishusha sauti. "Usimwambie baba yako. Yule farasi alikufa, mimi mwenyewe nilimlilia. Nafunua mbele, jemadari huyo kampanda! Nikarudi nyuma kutafuta alikopata mwingine. Mara tano, mwanangu. Nikasema basi, kichwa ndiyo kinaniaga. Mama yetu alianza hivihivi."

"Shangazi, farasi alikufa."

"Unanibembeleza."

"Haki ya Mungu, alikufa. Aliyesahau ni mwandishi."

Akamweleza yote, nyumbu na chapa ya pili, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa mkupuo ndani ya nyumba ile. Shangazi alivua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akashusha pumzi ndefu. Kisha akacheka hadi kiti kikalia.

"Mpuuzi yule! Siku nne ananinyima usingizi kwa uzembe wake!" Mkono ukaifuata kalamu nyekundu. "Lete hapa nimpe alama zake."

Mfamasia alikikumbatia kitabu kifuani. "Hiki hapana, shangazi! Nitakuletea cha nyumbu."

"Nikisahihishe nini, na ameshajirekebisha?"

"Yamo mengine. Ukurasa wa mia mbili, mwezi unachomoza mara mbili usiku mmoja."

"Mara mbili?" Shangazi alivaa miwani yake upya. "Unangoja nini sasa? Kalete!"

Mfamasia aliomba ufutio kwanza.