Mwalimu wa Kokwa za Tende

Kaa karibu, msomaji, unisikilize, maana leo sina nguvu ya kupaza sauti. Mwalimu wa watoto wadogo, yule mama aliyekuwa akisomesha kwenye baraza inayotazamana na mlango wangu hapa Bagamoyo, amefariki dunia. Habari niliipata sokoni kwa mwuza mihogo aliyetoka Zinga, ambako marehemu alikimbilia kwa kaka yake mizinga ilipoanza kulia mjini. Homa ilimshika, haikumwachia, wakamzika huko huko kando ya mama yake. Mwuza mihogo aliyasema hayo huku akinichagulia mihogo, nami simlaumu. Mwaka huu tumetajiwa vifo vingi mno hata masikio yameota sugu. Lakini nilipofika nyumbani niliiweka mihogo chini, nikaitazama ile baraza tupu, nikashindwa kuingia ndani.

Wengi wenu mmepita chuoni kusoma Kurani, basi desturi mnaijua. Mtoto hupewa ubao uliopakwa chokaa, mwalimu huandika kwa wino wa masizi, na mtoto humfuatisha kwa sauti mpaka aya imkae moyoni. Kisha ubao huoshwa, ikaandikwa nyingine. Chuo chema mjini kwetu hujulikana kwa kelele zake. Mzazi akipita njiani akasikia watoto wanavuma kama nyuki, huenda zake ameridhika. Huyu mama hakufanya hivyo. Mama yake mzazi alikuwa mfinyanzi, na yeye aliletewa udongo mbichi kutoka Zinga ukiwa umefungwa kwa majani ya mgomba. Kila mtoto alipewa donge, akaliviringisha jembamba kama mkia wa panya, akalikunja likawa kama bakuli. Kisha zikaja kokwa za tende. Kokwa moja chini ya bakuli, hiyo ni bee ya Kiarabu. Mbili juu yake, tee. Tatu, thee. Halafu Mwalimu huziondoa zote na kuuliza, "Sasa ni nini?" Na wale wadogo walikwisha kujua jibu alilolipenda: "Bado si kitu, Mwalimu." Mkono ukishaizoea herufi, mtoto alipewa sinia la mchanga mkavu aichore kwa kidole, na mwisho kabisa ndipo aliposhika kalamu ya tete. Siku moja udongo ulikosekana, akawakandia unga wa mtama, na mtoto mmoja akaila herufi yake ya jimu. Wenzake wakamtania kwamba yeye sasa atahifadhi kwa tumbo. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso, akamkandia jimu nyingine.

Miaka mingi iliyopita mtaani kwetu alikuwapo bwana mmoja, mfanyabiashara ambaye baba zake walitoka Omani, mtu wa heshima, na binti yake alisoma hapo. Kila alasiri alipita akitega sikio, na kila alasiri alisikia minong'ono tu. Mwishowe akapanda barazani, akamkuta binti yake ana udongo hadi kwenye viwiko.

"Mwalimu," alisema, "nimekuletea mwanangu asome. Ufinyanzi kwetu hatuna."

"Anasoma, bwana. Muulize."

"Nimuulize matope?"

Hakutukana, alikuwa mtu wa adabu hata katika hasira. Alisema tu kwamba Maulidi yanakaribia, watoto wa vyuo vyote watasoma mbele ya watu, na binti yake akisimama kama wenzake atamwacha hapo, asiposimama atamwondoa. Mwalimu alijua uzito wa maneno hayo. Alipokwenda bwana yule ndipo wazazi wengine walipokwenda, na akimwondoa binti yake, baraza ingebaki na mikeka tu.

Siku ya Maulidi watoto wa chuo kingine walisimama wakasoma sura nzima kwa pumzi moja, wamefumba macho, watu wakaitikia kwa furaha. Kisha binti akapewa ubao. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaisoma. Akakisogeza kwenye ya pili. Hakukosea hata mahali pamoja, lakini alikwenda kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, na watu wakaanza kukohoa. Nyuma yangu mtu mmoja alisema, "Huyu tutamkuta hapa Maulidi ya mwakani." Wakacheka. Baba yake akasimama, akamshika mkono kabla hajafika mwisho wa ubao, wakatoka. Alimpeleka kwenye chuo chenye kelele, na wengi wakafuata. Nilimwendea yule bwana nikijaribu kumweleza kwamba yule mtoto ndiye pekee aliyesoma siku ile, na wengine waliimba. Akanijibu kwa upole kwamba watu hawakuwacheka wengine. Kwa Mwalimu walibaki watoto wachache ambao wazazi wao hawakuwa na pa kuwapeleka. Nikamshauri awavumishe japo kidogo, kwa ajili ya wapita njia. Alikuwa akiosha ubao, hakuinua uso. "Nikiwafundisha kelele, jirani, watajua kelele," alisema. "Nimechoka, lakini sijachoka kiasi hicho."

Maneno hayo yamenirudia mara nyingi siku hizi. Wadachi, wenye mizinga ile, wamebandika tangazo kwenye lango la boma lao, limeandikwa kwa Kiswahili chetu na kwa herufi zetu zile zile za chuoni. Nimepita hapo nikawaona watu wazima, waliohitimu, ambao wazazi wao walipika biriani siku ya kuhitimu kwao, wamesimama mbele yake wakiulizana nani atawasomea. Si wajinga. Wanajua mengi kwa moyo kuliko mimi, na kuhifadhi ni jambo jema lenye thawabu zake. Ila hakuna aliyewahi kuwaondolea kokwa akawauliza sasa ni nini. Mji huu huishi kwa misafara, na hakuna mpagazi anayetoka hapa bila kuambiwa kwamba pole pole ndio mwendo. Mtoto aliyeng'oka meno ya mbele juzi, huyo tunamtaka apige mbio.

Hitima ya Mwalimu tuliisoma nyumbani kwangu, kwa kuwa baraza yake haina mwenyewe. Wanaume tulikaa nje, wanawake ndani, na juzuu za Kurani zikagawanywa kila mtu ya kwake. Tulimaliza upesi, watu wana shughuli, na wengine walifunua kurasa kabla macho hayajafika chini. Wali ukawa tayari, lakini haukutoka. Yule bwana alikuwapo, siku hizi anatembea kwa bakora, na ndiye aliyeuliza tunangoja nini. Mke wangu akajibu kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, bwana. Tunamngoja binti yako. Bado anasoma."

Tukasikiliza. Ndani palikuwa na sauti moja tu, ya mwanamke mwenye watoto wake sasa, ikienda neno kwa neno, ikisimama, ikiendelea. Nilijua bila kuona kwamba kidole kiko juu ya ukurasa. Mtu mmoja karibu na mlango akanong'ona kwamba wali unapoa. Mzee aliilaza bakora yake juu ya magoti, akainamisha kichwa.

"Mwacheni amalize," alisema.

Wali ulipoa, tukaula hivyo hivyo. Sikumwuliza mzee alikuwa akiwaza nini, wala sidhani kwamba angeniambia. Marehemu hakuyaona hayo, na hilo ndilo linalonichosha zaidi ya yote. Lakini wewe una watoto nyumbani, msomaji, na kazi yake haihitaji baraza wala sifa. Leo ukila tende, usizitupe kokwa. Zioshe, umwite mwanao, umkunjie bakuli la udongo au la unga, uweke kokwa moja chini yake mpaka aseme bee. Kisha iondoe, umuulize sasa ni nini. Akikawia kujibu, mngoje.