Kabirateri Ilivuja Njia ya Kabambare

Nilijua kabirateri ya pikipiki inavuja kabla sijaiona. Harufu ya esansi, yaani petroli, ilinipanda puani, kisha mama, aliyekuwa nyuma yangu kwenye pikipiki, akasema kiatu chake kimelowa. Nikasimama. Kasongo tulikuwa tumeiacha alfajiri, Kabambare bado iko mbali, na njia ile haina huruma: mashimo yake yanameza gurudumu zima.

Tulikuwa tunamkimbilia mama mukubwa kule Kabambare, dada ya mama yangu, baba mmoja mama mmoja. Walikosana juu ya nyumba aliyoiacha baba yao, na tangu hapo hawakuwahi kula sahani moja tena. Sasa habari zilikuwa zimetufikia kwamba mama mukubwa ni mahututi. Mama alitaka jambo moja tu: kumuomba yaya wake, yaani dada yake mkubwa, radhi kabla hajafumba macho.

Nyumbani nilimwambia, "Mama, tumupigie simu. Muongee, yaishe."

"Radhi haiombwi mu telefone. Radhi iko mukono kwa mukono. Washa pikipiki."

Mama akisema hivyo, hata shehe ananyamaza.

Nikafunga robinee, kile kibomba cha chini ya tangi, ili esansi isimwagike bure. Pikipiki hiyo ni ya marehemu baba, kuukuu, na dawa ya kwanza ya kabirateri kuukuu kila mtu kwetu anaijua: unaigonga kwa kijiti, maana mara nyingine uchafu unabana ndani na kugonga kunauachia. Nikagonga. Nikafungua robinee. Ikatiririka. Nikagonga tena, safari hii kwa hasira.

"Unaipiga nini? Itakuomba musamaha?" mama akauliza.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilimjibu mama yangu kwamba kama ana fundi ndani ya kitenge chake amtoe. Akacheka, na kicheko chake kikaniaibisha kuliko kofi.

Akapita kijana wa taksi, pikipiki yake imejaa magunia na abiria juu ya magunia, anaelekea Salamabila. Akapunguza mwendo, sigara mdomoni, akaniona mimi mwanamke nimeshika kijiti. "Mama, kazi hiyo ni ya wanaume!"

"Zima hiyo sigara, mpumbavu wee! Unataka tuungue wote?" nikamfokea. Alipoona dimbwi la esansi chini, alikimbia bila kuaga. Ningependa amchukue mama, lakini hata kuku asingepata nafasi pale.

Basi nikaapa. Nikasema wallahi, leo chuma hiki hakitanishinda, mama atafika. Nikafunga robinee tena, nikatoa bisibisi na koleo chini ya kiti, nikachuchumaa. Kile kikombe cha chini cha kabirateri kinashikwa na skrubu nne, na moja ilikuwa imelika kichwa. Niliibana kwa koleo, ikateleza, ikanichuna kidole, nikaitukana, nikaibana tena. Ikalegea.

Nilihitaji chombo cha kukingia esansi iliyobaki ndani. Hatukuwa na kitu ila birika ya mama ya kutawadhia, na sikuthubutu kuiomba. Mama mwenyewe akamwaga maji yake, akaniwekea birika chini ya mkono.

"Mama, hii ni ya swala."

"Mungu anaona. Fanya haraka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa, na mimi nikaogopa pia.

Kikombe kilipotoka, nikaona ubaya wote. Fundi wa kule sokoni kwetu, aliyeitengeneza mara ya mwisho, alikuwa amekata joenti, ule utepe wa kuziba katikati, kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Ndivyo wanavyofanya wengi kwetu: mpira unazuia maji, basi wanadhani utazuia na esansi. Lakini mpira ule ukinywa esansi unavimba. Huo ulikuwa umevimba na kujikunja, umetoka nje ya mfereji wake, na esansi inapita chini yake inavyotaka. Lo! Nilimlaani fundi yule mpaka mama akaniambia nimuache, nisije nikahitaji radhi yake na mimi.

Mama alikuwa amembebea dada yake sukari ya vipande, katoni nzima. Nikauliza kwa macho, akaitikia kwa kichwa, akamimina sukari ndani ya mtandio wake. Nikalaza kikombe juu ya karatasi ngumu ya katoni, nikachora ukingo wake kwa msumari, nikakata kwa wembe. Joenti ya kwanza ikachanika. Nikakata nyingine, polepole, ulimi nje. Mama akaisugua sabuni ya kipande pande zote mbili, maana sabuni haiyeyuki ndani ya esansi. Nikaipuliza sindano ya ndani, ile inayofunga na kufungua njia ya esansi, nikarudisha kila kitu, nikakaza skrubu kwa zamu ili ukingo usipinde.

Nikafungua robinee. Tukainama wote wawili. Pakavu. Tukangoja. Pakavu bado. Nikapiga kiki mpaka mguu ukaniuma, injini ikakohoa, ikashika.

"Panda, mama!"

Sikupunguza mwendo tena ila kwenye madaraja ya miti. Jua lilikuwa linateremka tulipoingia uani kwa mama mukubwa, na nikadhani tumechelewa, kwa sababu watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mama akashuka kabla sijasimama.

Watu wakatupisha. Mama mukubwa alikuwa amekaa kwenye kiti, amekonda amebaki mifupa, amevaa kitenge cha safari na viatu, mabinti zake wawili wamemshika mabega. Alikuwa anawagombeza wamtafutie pikipiki. Tangu asubuhi, wakasema, anadai apelekwe Kasongo.

Alipomuona mama, akakasirika. "Wewe umekuja kufanya nini? Mimi ndiye nilipashwa kuja kwako. Kosa iko yangu."

Mama akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Basi wewe ni mukubwa," akamwambia. "Anza."

Mama mukubwa akaanza.