Mpaka Anyanyue Miguu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo na wewe ulikuwepo ila huwezi kuikumbuka. Hata kukaa ulikuwa hujui. Usicheke nikijifanya mzee. Kwako wewe, mimi ni mzee tosha.

Ulikuwa mchanga bado, mateke tele. Nikikubeba mgongoni ulinipiga mbavuni mpaka bibi yako akasema, "Huyu anataka kuipanda milima ya Uluguru kwa miguu yake." Kisha utumbo wako ukajifunga. Tukakukimbiza kwa bodaboda kutoka kwetu Bigwa hadi hospitali, ukapasuliwa.

Upasuaji ulipokwisha, nesi akatoka. "Mama, amefungua macho."

Weee! Nikauvaa mlango. "Nipeni mwanangu!"

Aliyekupa dawa ya usingizi alikuwa mama mtu mzima, karibu astaafu. Hakutoka. Alinijibu kutoka ndani, mlango nusu wazi, mkono wake kifuani pako.

"Binti, shikamoo umeiacha nyumbani?"

"Shikamoo, mama. Si ameamka? Nipe."

"Marahaba. Macho yameamka, misuli bado. Nilimpa dawa ya kuilegeza ili daktari afanye kazi. Dawa hii haimtoki mtoto mchanga kama inavyomtoka mtu mzima. Mmoja inamwacha upesi, mwenzake inamng'ang'ania. Nikiutoa mpira wa kupumulia sasa, pumzi itamshinda."

"Utajuaje imemtoka?"

"Wewe ningekuambia inua kichwa. Huyu nimwambieje? Nangoja anyanyue miguu mwenyewe."

Daktari akamkumbusha kuna mgonjwa mwingine anasubiri. Hata hakugeuka. "Asubiri. Huyu hajanyanyua."

Nikakaa sakafuni, nikangoja. Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo, lakini mawingu si mvua; hakuna aliyekinga ndoo akanywa wingu.

Mara nikasikia anacheka. "Haya binti, fundi wako wa mateke huyo! Amenipiga mkono." Mpira ukatolewa, nawe ukalia. Kilio kilikwaruza, mwanangu, na sijawahi kusikia kitamu kama kile.

Basi shika hili. Jambo likifungua macho, usidhani limepona. Ngoja nguvu zake. Na pumzi ya mtu ikiwa mkononi mwako, asikuharakishe yeyote, hata mama yake anayelia mlangoni.

Mimi nimeshaamua. Nitarudia mitihani ya sayansi niliyofeli, nije nisimame aliposimama mama yule. Wakisema nimechelewa, waambie mama bado ananyanyua miguu.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na mateke yasikuishe.