Boti ya Baba na Maji ya Pipa

Pale kituo cha mafuta Biharamulo kuna mama anayeuza ndizi mbivu karibu kabisa na pampu. Harufu hizo mbili zikichanganyika, petroli na ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, mimi hupandisha kioo cha gari hata jua likiwa linachoma. Mume wangu anadhani ni maringo. Sijawahi kumweleza. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia, na msiharakishe kunihukumu. Mkifika mwisho mtakuwa na sababu nzuri zaidi.

Tulikaa Kasulo, si mbali na Benaco, karibu na mpaka wa Rwanda. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia, vilima tulivyochungia mbuzi vilifunikwa na vibanda vya shitingi, yale maturubai ya plastiki ya bluu, na moshi wa kuni mbichi ukawa unaingia mpaka kwenye uji wetu. Baba yangu alikuwa mkulima wa migomba na mtu wa mipango isiyokwisha. Aliona kila jirani anapata chochote kutokana na msiba ule: huyu anauza miti, yule anapangisha chumba. Yeye akanunua boti.

Chekeni tu. Kutoka kwetu hadi Ziwa Viktoria ni safari ya nusu siku kwa lori, na baba hakujua kuogelea. Boti yenyewe ilikuwa ya bati gumu, yenye mashine nyuma, na ilikuwa imetumika Mto Kagera, chini ya maporomoko ya Rusumo, kuopoa maiti. Wakubwa mnaijua habari ya mto ule mwaka ule. Sisi watoto tulijua tu kwamba ghafla nyumbani hakuliwi samaki. Kazi ile ilipokwisha, mashine ilikuwa imezama mara mbili na ubavu umetobolewa na mawe. Siku ilipopigwa mnada watu walirudi nyuma hatua mbili. Baba peke yake alibaki mbele, akaipata kwa bei ya ndama.

"Mto umeshaiosha," alimwambia mama, aliyesimama mlangoni mikono kichwani.

Mpango wake ulikuwa kuifufua, kuipeleka Nyamirembe, bandarini ziwani, na kuvusha abiria na mizigo kwenda visiwani. Fundi alimpata kambini. Aliitwa Sipiriani, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa akitengeneza mashine za boti Ziwa Kivu kabla ya vita. Mke na watoto hakuwa nao, na hatukuuliza. Alikuwa na mfuko wa spana, na alikuwa na kaka yake Mwanza, basi. Baba alimpa mkono mbele yetu wote, akamwahidi: boti ikigusa maji, Sipiriani ndiye nahodha, na safari ya kwanza ni kumfikisha Mwanza kwa kaka yake. Malipo mengine yatakuwa chakula. Sipiriani alikubali upesi mno. Kurudi kwao, alisema, ni kwenda kufa.

Alifanya kazi kwa vitu vya kuokota. Makopo ya mafuta ya kula ya msaada aliyapasua, akayanyoosha kwa nyundo, akayapigilia juu ya matundu, kisha akaziba pembeni kwa lami iliyokwanguliwa barabarani. Kabureta aliiosha kwa petroli na mswaki wake mwenyewe. Gasketi, ile ya kuziba maungio ya mashine yasivuje, aliikata kwenye jalada la daftari langu la hisabati, kwa ruhusa ya baba, na kesho yake mwalimu akanichapa viboko vinne kwa kuja darasani na daftari lililo uchi. Hilo nilimsamehe.

Ambalo sikumsamehe ni pipa. Mashine ya boti haiwashwi hivihivi nchi kavu. Aliifunga kwenye ubao mdomoni mwa pipa kubwa, pangaboi ikizama ndani, na pipa lazima lijae maji. Kulijaza ni ndoo kumi, na kichwa kilichozibeba kilikuwa changu, maana mimi ndiye binti mkubwa na nilikuwa na miaka kumi. Kisimani foleni ya wakimbizi ilianza kabla ya jua na haikwisha. Tulisukumana, tulitukanana kwa Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao, na kwa bahati mbaya tulielewana vizuri. Nikirudi na ndoo ya kumi, shingo ikiwa imeingia mabegani, Sipiriani alivuta kamba mara ishirini, mashine ikakohoa, maji yakageuka meusi, yakamwagwa kwenye migomba. Kesho tunaanza upya.

"Pore, mukobwa," aliniambia kila siku. Pole yake ilikuwa hiyo, na mukobwa ndivyo kwao wanavyomwita msichana. "Hii injini ikiamuka, utapumuzika."

Miezi minne haikuamka. Nilikuwa nikiomba kanisani afe. Nasema kweli, nilipiga magoti na kuomba hivyo, nikimtaja Sipiriani kwa jina lake kamili.

Halafu siku moja ikaamka. Moshi wa bluu ulijaa uani, kuku wakaruka hadi juu ya paa la jiko, pipa likatetemeka na kunirushia usoni maji niliyoyabeba. Sipiriani alilia waziwazi. Baba alicheka sana, halafu akasimama akimtazama fundi wake kwa muda mrefu. Nilidhani anamwonea fahari.

Wiki ileile likatoka agizo kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao. Barabara ya Rusumo ilijaa watu, magodoro, masufuria, wazee wamebebwa mgongoni. Askari na mgambo walipita vijijini kutafuta waliojificha. Sipiriani hakwenda. Baba aliigeuza boti kifudifudi nyuma ya migomba, fundi akaingia chini yake na mfuko wake wa spana, akakaa humo siku mbili. Lori la kwenda Nyamirembe, baba alimwambia, litakuja mambo yakitulia.

Mama alitukusanya jikoni akatufinya masikio mmoja mmoja: hatujaona mtu. Baba hakutuambia neno la namna hiyo. Asubuhi ya siku ya tatu alikunywa uji taratibu, kisha akasema, macho yake kwangu:

"Askari wakishaondoka, Sipiriani ataizoeza mashine. Pipa lijae asubuhi na jioni, mwezi mzima."

Ndoo ishirini kwa siku. Hesabu hiyo niliimudu hata bila jalada. Kisha akanipa ndoo, akanituma kisimani, ingawa mitungi yote ya nyumbani ilikuwa imejaa.

Njiani nilikutana na mgambo watatu. Mmoja alikuwa kijana wa jirani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwa utani tu:

"Kwenu kumebaki mgeni?"

Nikatua ndoo. "Yuko chini ya boti. Mkimchukua, pipa halitajazwa tena?"

Wakacheka wote watatu. Mtasema nilikuwa mtoto. Na mimi hujiambia hivyo. Lakini nilikuwa nimeiona barabara ile, nilimsikia kwa masikio yangu akisema kurudi ni kufa, na bado nilitaka wamchukue.

Niliwafuata hadi nyumbani. Walipoinua boti, Sipiriani alitoka akipapasa kwa sababu ya mwanga. Baba alipiga kelele za mshangao, akaapa hakujua. Kisha, kwa upole kabisa, akamvua ule mfuko wa spana begani. "Nitakutunzia," alisema. Sipiriani alipopita mbele yangu alisimama, akanitazama mimi na ndoo yangu tupu.

"Sasa utapumuzika, mukobwa," akasema.

Hatukusikia habari zake tena.

Mchana huo alichinjwa kuku. Kwetu firigisi ni ya baba. Hata mgeni haigusi bila kupewa. Baba aliichukua kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu. Baba yule yule aliyekuwa akinichapa kwa kikombe kilichovunjika hakuniuliza hata swali moja kuhusu mgambo. Wadogo zangu walinikodolea macho. Nikaila polepole ili waone vizuri. Mama alisusa chakula.

Siku chache baadaye baba aliamua kuiwasha mashine mwenyewe. Nilipochukua ndoo alinizuia, akaniambia leo nipumzike, maji si lazima; aliamini pipa lilikuwa la kupunguza kelele tu. Mashine ikanguruma vizuri, kwa fahari kubwa, kisha ikaanza kunuka, ikalia kama chuma kinachokatwa, ikakwama. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yakiipoza. Haikuzunguka tena hadi ilipouzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Boti ilibaki, na baba si mtu wa kutupa kitu. Aliifanya mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe. Wanaume walizikanyaga humo kwa miguu na nyasi, juu ya makopo ya msaada na lami ya Sipiriani, na pombe ikatoka na harufu ya petroli. Watu waliorudi nyuma hatua mbili siku ya mnada walikuja na vibuyu vyao, wakanywa, wakasema ina ukali mzuri.

Kwa miaka mingi niliubeba mzigo ule peke yangu, nikiamini kwamba nilimsaliti baba pamoja na fundi wake. Mwaka juzi baba alilala kitandani, hajiwezi, nikaenda kumuuguza. Nilimpikia supu ya kuku, nikaikatakata firigisi yake vipande vidogo kwa sababu hana meno. Katikati ya kumlisha nikamuuliza:

"Baba, ulijua nitasema?"

Alitafuna kwanza, akameza.

"Ulikuwa umechoka maji, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakuona."

Watoto watano ndani ya nyumba, na akamchagua aliyechoka, amwondolee yule aliyeahidiwa unahodha. Nilikaa nimeshika bakuli. Nilitaka kulimwaga. Yeye akafungua mdomo, akasubiri kijiko kingine, nami nikampa.