AC ya Mtumba Iliyompika Mama Mkwe

Laki tisa na elfu sabini za Uganda. Hiyo ndiyo bei ya kumpika mama mkwe ndani ya gari. Spea laki saba, fundi laki mbili, gesi elfu sabini. Nimejumlisha mara mbili nikitumaini nimekosea, lakini katika jambo hili lote hesabu ndiyo kitu pekee nilichokipata sawasawa.

Nimekosa, jamani. Jina langu liacheni, maana mke wangu bado hajui, nami ningependa tuendelee kulala chumba kimoja.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, nikakulia Makindye, Kiswahili kikanilea. Nikaoa Muganda. Sasa kwa Waganda, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hampeani mikono, hamtazamani usoni, na neno likiwapo linapitia kwa mke. Ukimgusa, wazee wanasema utapata ugonjwa wa kutetemeka. Wenzangu walinionea huruma. Mimi nilifurahi! Mama mkwe asiyekusemesha! Nani mwingine anapewa hiyo bure?

Gari langu lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Aliyelinunua jipya alilipia vioo vya umeme akakataa AC, sababu anaijua Mungu. Jua la mwaka huu liliponizidi, nikaenda kwenye maduka ya spea mjini. Muuzaji, Mkongo mmoja mcheshi, akanitolea kompresa, kondensa, mabomba na kisanduku chake cha baridi, vyote vimeng'olewa kwenye gari lililokwisha kufa.

"Patron, milioni moja na laki nne."

"Hiyo ni bei ya AC, au na dereva wake yumo?"

"Usinichekeshe, patron, niko na watoto."

"Na mimi niko nao. Laki tano."

Tulivutana mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akalizunguka gari langu akilitazama kama mtu anayechagua kuku.

"Hizi mota za vioo vya nyuma watu wanazitafuta sana. Nipe zote mbili, uongeze laki saba, twende nyumbani."

Nikawaza, mwenye AC anashusha kioo cha nini? Tukakubaliana palepale.

"Na feni yake, patron? Ya kupoza gari ikisimama. Laki moja tu."

"Upepo ni bure," nikamjibu.

"Gari ni yako," akasema, akaendelea kuhesabu noti.

Mmesikia? Feni ya kupoza gari likisimama, mimi nikaikataa. Kampala! Mji ambao kazi ya magari ni kusimama, na kutembea ni likizo!

Jumapili ya kwanza barabara ilikuwa tupu. Gari lilipoa mpaka mwanangu akaomba sweta. Nikatembea kifua mbele. Mke wangu hakusifu. Alisema tu kwamba pesa hiyo ingetosha kununua cherehani ya pili dukani kwake Kamwokya. Basi nikawa natafuta siku ya kumfunga mdomo.

Siku ikaja. Mama yake alitoka kijijini kuja kliniki ya presha Nsambya, na mke wangu alikuwa na magauni ya bibi harusi ya kumalizia.

"Nitampeleka mimi," nikasema.

"Wewe na Mama, peke yenu garini? Shangazi akisikia atanila nyama."

"Atakaa nyuma, kioo cha kutazamia nitakigeuza, sitamwona hata kidogo. Na kuna AC."

Akasita, akakubali. Kumbukeni hapo. Alikubali kwa sababu nilimsihi.

Mama akaingia nyuma na gomesi lake zito, lile vazi refu la Kiganda, kashida kichwani, akanisalimia akitazama nje. Tulipofika Kibuye, foleni ikatushika. Gari likasimama. AC ikapuliza vuguvugu, kisha joto, kisha kitu ambacho kingeivisha mihogo.

Nikasikia nyuma yangu: tiki. Tiki, tiki. Mama alikuwa anabonyeza kitufe cha kioo. Nilijua kabisa anabonyeza hewa. Nikatazama mbele kama sanamu.

Kisha nikamsikia ananong'ona kwenye simu yake ya tochi. Alipomaliza, yangu ikalia. Nikaiweka kwenye spika.

"Baba Okot, Mama anasema humo ndani kunawaka."

"Mwambie baridi iko njiani."

"Inatoka wapi, Nairobi?"

Akakata. Nyuma, simu ya tochi ikaita. "Wangi?" akaitika. Manong'ono. Kisha yangu tena.

"Anasema kioo chake kinakataa kushuka."

"Kimekwama kidogo. Vumbi."

"Basi shusha chako."

"Nimeshusha."

Nilisema hivyo, na kioo changu kimefungwa kama benki siku ya sikukuu! Kukishusha kungekuwa kukiri kwamba AC imeshindwa, na kukiri kungekuwa cherehani ya pili. Mama hakunielewa. Kwake Kiswahili ni lugha ya askari wa zamani, ya kuambiwa "lala chini". Nilidanganya mbele yake nikiwa na amani kabisa.

Tungeweza kukaa hivyo mpaka jioni. Mtu na mama mkwe wake, mita moja kati yao, wakiongea kupitia Kamwokya.

Kisha simu ya tochi ikaita, ikaita, ikanyamaza. Yangu ikalia.

"Mama hapokei. Mwangalie!"

Nikageuza kioo cha kutazamia. Kashida ilikuwa imeanguka. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi.

Banange! Niliruka nje, nikafungua mlango wake kutoka nje, kwa sababu ndani nilikuwa nimeweka loki ya watoto. Nikasimama hapo, mikono hewani.

"Ssebo, mshike!" akapiga kelele mama mmoja muuza maji.

"Ni mama mkwe wangu!"

"Basi mwache afe kwa heshima, au siyo?"

Akanisukuma, akamvuta Mama nje, akammwagia maji kichwani, akamlegeza mshipi wa gomesi. Mwendesha boda akampakia, muuza maji akamshikilia nyuma, wakapenya foleni kwenda Nsambya. Mimi nikabaki na gari, nalo kwa mshikamano likaanza kutoa moshi kwenye rejeta.

Mama yu hai. Alilazwa, presha ikashuka, amerudi kijijini. Mngedhani habari imeishia hapo.

Mke wangu aliponiuliza kioo kilikuwa na nini, nilisema tena: vumbi. Sasa shangazi yake ameitisha ndugu, na aliyesimamishwa mbele ya ukoo ni yeye, si mimi! Eti alivunja mila, alimfungia mama yake garini na mkwe, akachagua magauni. Yeye mwenyewe ameamini. Amefunga duka, yuko kijijini anamuuguza. Jana alinipigia akilia: "Ni mimi niliyemuua nusu, Baba Okot. Ni mimi niliyemwacha."

Nami nikamwambia: "Usijilaumu sana, mpenzi." Sana! Nikamwachia kiasi cha lawama.

Ndugu yangu mwenye gari kuukuu, sikia. Ukitaka AC, inunue yote au uache yote. Na ukishamfungia mtu ndani, usimwombe uvumilivu. Mfungulie!

Nataka kusema ukweli. Mota ninaweza kununua nyingine, na gomesi jipya la kuombea radhi pia. Shida ni njia. Mimi na Mama hatuzungumzi, neno langu lolote kwake lazima libebwe na mke wangu, yuleyule ninayemficha. Nikipitia kwa shangazi, mke wangu ataaibika kwa kuwa wa mwisho kusikia. Nikianza na mke wangu, atalia mara ya pili, na safari hii atakuwa na mtu wa kumlaumu.

Nyinyi mliowahi kufika hapa, nishaurini. Nimwambie kwa simu akiwa pale pale na mama yake, au ningoje uso kwa uso? Anarudi kesho na basi la jioni.