Aliyekaa Juu ya Shimo

Mto wetu ni mchanga. Mgeni akiuliza mto uko wapi, anaambiwa umesimama juu yake. Maji yamo chini, na ukiyataka unachimba. Mvua ikiisha tu unachimba kwa kiganja. Kiangazi kikikaza, shimo linakuwa refu kumpita mtu. Tunalizungushia miiba ili mbuzi wasitumbukie, tunakata ngazi za mchanga pembeni, na mmoja anaingia na mkebe. Anachota polepole, mkebe baada ya mkebe, mpaka ndoo ijae, halafu anatikisa kamba. Aliye juu anavuta.

Aliye juu ana kazi nyingine, na hiyo hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Niliikuta tu, kama nilivyokuta mafiga jikoni. Anaangalia mto kule unakotoka. Kwa sababu mvua inaweza kunyesha kwenye vilima vya Nuu, sisi huku jua linatuchoma visigino, na mto ukaja. Hatusemi umefurika. Tunasema umekuja. Na aliye ndani ya shimo hasikii kitu. Nimeingia mara nyingi, najua. Kule chini unasikia pumzi yako na mkebe ukikwaruza mchanga, basi.

Nyumbani kwetu anayeingia ni mama. Anayekaa juu ni susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, yule aliyemzaa baba. Walifanya hivyo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, na wanagombana kila siku, huyu akisema kamba inavutwa pole, yule akisema ndoo haijajaa.

Mwaka mmoja wa njaa nilichaguliwa kwa kamati ya maafa ya kijiji, kazi ya kujitolea. Mimi sikusoma sana. Darasa la nane nilimaliza, sekondari nikaigusa kwa mguu mmoja nikarudi nyumbani. Kwa hivyo walipotupeleka Kathonzweni, kule Makueni, siku tatu za mafunzo, niliona kama nimefika chuo kikuu. Tulifundishwa kumfunga mtu aliyevunjika, kupanga foleni ya chakula, na kuwaambia kwa simu walio kule mto unakoelekea kwamba maji yanakuja. Tukafundishwa pia tusiingie mtoni kumfuata mtu, maana badala ya kumzika mmoja watazika wawili. Mwisho tukapewa kizibao cha reflekta, cha kijani, na filimbi. Niliivaa reflekta hadi nyumbani, mchana wa jua, jasho likinitiririka. Tayari nilikuwa najiona ndani ya helikopta, nashusha blanketi, watu wananipungia mkono.

Susu aliniangalia nikiingia uani. Akasema, "Sasa ukivaa hiyo, mafuriko yanakuogopa?"

Siku ya chakula cha msaada lori lilikuja kutoka Mwingi, likasimama katika uwanja wa shule ya msingi. Mahindi, maharagwe na mafuta. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima tangu asubuhi, na kila mtu aliyeyaona alifurahi. Mimi pia. Nilifurahi mara mbili, kwa sababu afisa aliyekuja na lori, mtu mpole mwenye sauti iliyochoka, alinipa kazi ya kusoma majina kitabuni na kushika kidau cha wino. Mwenye jina anakuja mwenyewe na kitambulisho, anabandika kidole gumba, anabeba. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Sheria ilikuwa yake, lakini kelele zilikuwa zangu.

"Asiyekuja mwenyewe, chakula chake kinarudi Mwingi!" nilipaza sauti. Hakuna aliyenituma kusema hivyo.

Nikasoma jina la susu. Hakutokea.

"Yuko mtoni na mamako," jirani yetu mmoja akasema. "Maharagwe haya yataiva kwa mate? Leo kila nyumba inataka maji."

Watu wakacheka. Afisa akasema tuendelee, atakuja tu, siku bado ni ndefu. Ningemsikiliza. Lakini, na hapa sitajificha, nilitaka susu anione. Anione na reflekta yangu na kitabu changu mbele ya kijiji kizima. Nikamwita kijana wa bodaboda.

"Nenda pale mtoni uniletee susu. Mwambie lori linaondoka."

Lori halikuwa linaondoka. Nusu ya magunia ilikuwa bado juu yake.

Susu alifika amekaa upande juu ya pikipiki, leso yake imelowa kwenye magoti. Akashuka akijishika kiuno. "Mwana wakwa, umeniita kama chifu." Nikamshika kidole nikakizamisha kwenye wino wa zambarau, nikakibandika kitabuni. Akakiinua juu watu wakione. "Wino wote huu! Ni chakula napewa ama ni jela napelekwa?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Akaenda kukaa juu ya gunia lake, akanyoosha miguu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa yule jamaa tuliyefunzwa naye Kathonzweni, wa kijiji cha juu, karibu na vilima.

"Umekuja," akasema. Alikuwa anahema. "Umejaa ukingo hadi ukingo. Umebeba miti mizima. Toa watu."

Kutoka kwao hadi kwetu mto unachukua muda wa sufuria ya chai kuchemka, kama kuni ni kavu. Sikuogopa. Nasema kweli, sikuogopa hata kidogo. Nilipuliza filimbi, nikawatuma wanakamati wawili wakimbie kwenye kivuko wazuie watu, na moyoni nilikuwa nawaza, tazama, kazi ni hii, na ninaijua. Nikatupa macho kwenye foleni. Nyumba zote zilikuwa pale. Hakuna mtu mtoni leo, nikajiambia, tuna bahati, wote wamekuja kwa chakula.

Halafu macho yakamfikia susu juu ya gunia.

"Susu," nikasema. "Nani yuko juu ya shimo?"

Alipeleka mkono mdomoni, na kile kidole cha zambarau kikabaki kimesimama shavuni kwake.

"Mamako alisema niende tu," akasema. "Alisema atajaza ndoo akiningoja."

Pikipiki ilikuwa imeshaondoka na mzee mmoja na gunia lake. Nikakimbia.

Sijui kuielezea ile njia. Naipita kila siku na siijui kama nilivyoijua siku ile. Kila kichaka kilikuwa kirefu. Nilitaka kumwita mama tangu nikiwa mbali, lakini pumzi yote ilikuwa inaishia miguuni. Akili ilikuwa inahesabu yenyewe bila mimi. Chai imeanza kutoa mvuke. Chai inaanza kulia. Filimbi ilikuwa inanipiga kifuani. Niliwaza, shimoni filimbi haisikiki, kwa nini nilipewa filimbi?

Nilipotokea kwenye ukingo nikasimama. Kila kitu kilikuwa shwari, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Mchanga mweupe, jua, ndege wawili. Kule katikati ile duara ya miiba yetu, na mtungi wa njano pembeni, na kamba imelala chini kama nyoka aliyekufa. Hakuna mtu. Punda wetu alikuwa amefungwa upande wangu wa ukingo, na masikio yake yote mawili yalikuwa yameelekea juu, kule unakotoka mto. Hakuwa anakula.

"Mama!"

Mto mkavu unameza sauti.

Usiingie mtoni kumfuata mtu. Niliandika hayo maneno mwenyewe kwenye daftari, nikayapigia mstari. Niliingia.

Mchanga wa mtoni haukimbiliwi. Unavuta mguu, unaurudisha nusu. Niliota ndoto hiyo mara ngapi nikiwa mdogo, unakimbia na huendi, na sasa nilikuwa ndani yake nikiwa macho. Kwanza ikaja harufu, ya udongo uliolowa. Harufu ninayoipenda kuliko manukato. Kisha sauti, mbali, kama malori mengi yakipanda mlima kwenye barabara ya Garissa, hakuna linalofika.

Nikainama juu ya shimo. Chini kabisa kulikuwa na kilemba cha mama, na mkebe ukikwaruza. Alikuwa anaimba kwa pua.

"Mama, umekawia," akasema bila kuangalia juu. Alidhani ni susu. "Vuta basi, imejaa."

"Toka."

Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto. Akainua uso. Akauona wangu. Akaacha mkebe, akashika ngazi ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikabomoka, akarudi chini, magoti yakatua kwenye maji. Nikalala kifudifudi, nikanyoosha mikono yote miwili. Vidole vyangu vilikuwa vimeloa wino, sikujua nilimwaga saa ngapi, na mkono wake ulikuwa na maji, ukateleza. Nikamkamata tena juu ya kifundo cha mkono. Nilivuta kama anavyovuta susu, kwa mgongo. Ukuta wa shimo ukawa unamegeka chini ya kifua changu, na nikawaza tutaingia wote humu, na mto utapita juu kama hakuna aliyewahi kukaa hapa.

Akatoka. Na mnajua alifanya nini? Aligeuka kuchukua mtungi.

"Mama, acha!"

"Ni ule mpya!"

"Acha!"

Nikamburuta. Maji ya kwanza yalikuwa membamba, ulimi wa povu la kahawia wenye vijiti na mavi ya mbuzi, ukatupita miguuni bila kelele kama mbwa anayenusa. Ukitazama huo tu unaweza kudhani ndio mto wenyewe. Mama hakudhani. Sasa yeye ndiye alikuwa ananivuta mimi. Tulishika mizizi ya ukingo, tukapanda kwa magoti, na nyuma yetu yale malori yakafika yote kwa mara moja.

Nilipogeuka, ile duara yetu ya miiba ilikuwa inaelea, nzima, kama kofia iliyopeperushwa. Shimo sikuweza tena kuonyesha lilikuwa wapi.

Mama alikaa chini, miguu imenyooka, akihema. "Susu yako amepata chakula?" akauliza.

Hapo ndipo nililia. Kwenye mkono wake kulikuwa na alama za vidole vyangu, za zambarau, vyote, hata kidole kidogo kilionekana.

Susu alikuja kwa miguu, bila viatu. Alimtazama mama, akakaa karibu naye, akaelekeza uso juu mtoni na hakuutoa. Hakuna aliyenikaripia. Ningependa wanikaripie. Jioni maharagwe yalipikwa na susu hakuyagusa. Alikuwa anaupiga piga ule mkono wake uliotiwa wino kwenye paja, kana kwamba ndio uliokosa. Nikaona nisiposema ataubeba yeye mzigo usio wake.

"Susu, lori halikuwa linaondoka. Nilikudanganya ili uje haraka."

"Nilijua," akasema. "Lori gani linaondoka na magunia juu?"

"Sasa mbona ulikuja?"

Aliniangalia kama aliyeulizwa kitu cha kijinga. "Si uliniita wewe?"

Tangu siku hiyo nimekuwa mwoga. Bado nacheka, bado naota helikopta mara moja moja. Lakini simu ikilia nikiwa na watu, siwahesabu tena waliopo. Nahesabu wasiokuwepo, mmoja mmoja.

Kiangazi kilichofuata mashimo yakachimbwa tena, na lori likaja tena, na afisa yule yule. Nilimwomba kabla hajashusha gunia hata moja. Nilimwambia kuna watu ambao wakija kubandika kidole hapa, mwingine anabaki chini ya ardhi peke yake. Naomba nipeleke kitabu kwao. Akaangalia mawingu.

"Kitabu kisilowe," akasema.

Nikashuka mtoni na kitabu kwapani. Nilipita shimo kwa shimo. Susu alikuwa amekaa pale pale anapokaa, juu ya mtungi mbovu, mgongo kwangu.

"Susu, lete kidole."

Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kama mtu anayepokea kikombe. Nikakitia kidole wino, nikakibandika, nikakifuta kwa leso yake. Macho yake yalikuwa kule unakotoka mto. Chini mama akatikisa kamba.

"Wewe angalia," nikamwambia susu. "Leo navuta mimi."